Bustani Nyuma ya Nyumba: Mboga, Mama Zetu na Miaka Kumi ya Kikundi

Ndugu msomaji, katika kurasa zilizotangulia umekwisha kusoma jinsi sanduku letu lilivyopatikana, nani walishika funguo za kwanza, na jinsi hisa zilivyopanda mwaka hadi mwaka. Sisi tuliopewa ukurasa huu tumeagizwa kuandika historia ya jambo ambalo halionekani katika daftari la mhasibu. Jambo lenyewe ni bustani za mboga za nyumbani, na jinsi zilivyofungamana na kazi ya kuwatunza mama zetu waliopatwa na ugonjwa wa kusahau. Wengine watauliza, mchicha na ugonjwa wa mama, wapi na wapi? Subirini, tutafika.

MBOGA ZA MAMA ZETU

Singida yetu ni nchi kavu. Mvua ni msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mwaka ugeuke. Mtu wa Rungwe au Lushoto akija huku mwezi wa Septemba anaweza kudhani kwamba hapaoti kitu. Lakini akina mama wa Kinyaturu, wa Kinyiramba, na wa Kigogo kule Manyoni walijua namna ya kuipata mboga. Wakati wa masika walichuma mlenda, mgagani, majani ya kunde na majani ya maboga. Yaliyozidi waliyaanika juani wakayaweka akiba, yakaliwa kiangazi chote kwa ugali wa mtama au wa uwele.

Aidha, walikuwa na samadi. Mtaalamu mmoja Mmarekani, Harold Schneider, alifanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 alieleza kwa kirefu jinsi ng'ombe, samadi na shamba vilivyotegemeana katika uchumi wao. Mama zetu wala hawakukihitaji kitabu hicho. Walijua kwamba pale zizi la zamani lilipokuwa ndipo maboga yanapokubali, na ndipo mama mwenye nyumba alipopanda mboga zake, hatua chache tu kutoka jikoni.

Halafu yakaja mabadiliko makubwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Hapa kwetu, kama kwingineko nchini, watu wakahama. Nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara, shule na zahanati zikasogea, na hilo hatulikatai lilikuwa jema. Lakini ardhi iliyorutubishwa kwa samadi ya miaka mingi ilibaki nyuma, kwenye mahame. Mwanamke aliyeolewa miaka ile alianza upya kwenye kiwanja kipya chenye kichanga kitupu.

Serikali nayo iliiona haja ya mboga. Mwaka 1975 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwa makundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana lishe, kisha wakatoka kwenda kutenda. Wazee wetu wengi bado wanaikumbuka. Kwa hiyo mtu akija leo kutuambia kwamba bustani ya nyumbani ni mradi mpya, tunamsikiliza kwa adabu, lakini tunatazamana.

KIKUNDI KINAANZA

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 tukiwa wanawake 22. Mtindo wa sanduku la kufuli tatu, hisa, mfuko wa jamii na faini hatukuubuni sisi. Ulianzia nchi ya Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE. Ukaingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye ukaenea bara kwa majina kama VICOBA. Haba na haba hujaza kibaba. Sisi tulianza na hisa ya shilingi 1,000. Wengi wetu tulikuwa tunauza vitunguu na kuku kwenye magulio, wengine tulilima alizeti. Bustani hakuna aliyeihesabu kuwa biashara. Mchicha ulikuwa wa kula tu.

Katiba yetu ilikuwa kali, na tuliipenda hivyo. Kukutana ni kila Alhamisi saa nane. Asiyefika bila taarifa, faini shilingi 1,000. Asiyefika mara nne mfululizo, jina lake linajadiliwa. Kikundi cha akiba bila nidhamu ni kikao cha umbea tu, na pesa ya watu haichezewi.

BIBI ANATAKA KURUDI NYUMBANI

Mwaka 2017 mwenzetu mmoja alianza kukosa Alhamisi. Hatumtaji jina hapa, kwa kuwa mwenyewe ametuomba hivyo, ingawa ameruhusu habari yake iandikwe. Mama yake mzazi, ambaye sote tunamwita Bibi, alikuwa amehamia kwake. Mwanzoni yalikuwa mambo madogo. Bibi anauliza jambo moja mara tano kabla chai haijapoa. Anaficha hela ndani ya unga, kisha anasema ameibiwa. Anabandika chungu na kukisahau mpaka kinaungua. Asubuhi moja alimwamkia binti yake mwenyewe, "Shikamoo mama." Binti yake alitusimulia hayo huku anacheka, halafu akanyamaza.

Lililokuwa zito zaidi ni safari za jioni. Jua likianza kushuka, Bibi anachukua fimbo yake: "Twende nyumbani, ng'ombe hawajafungwa." Nyumbani kwake ni kule kwenye mahame, mahali alipoolewa kabla ya watu kuhamia kijijini. Pale sasa ni mawe na vichaka, hakuna ukuta uliosimama. Ya jana Bibi hakuyakumbuka, lakini njia ya kwenda mahame aliijua mpaka kila jiwe. Mara mbili vijana wachunga ng'ombe walimkuta huko usiku.

Jamani, kijijini maneno hayakawii. Mwanamke mzee anatembea usiku, anaongea peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote: watu wakaanza kunong'ona. Nasi tunajua minong'ono ya namna hiyo huishia wapi. Jirani zetu wa Shinyanga na Mwanza waliona, hasa kuanzia miaka ya 1970 na 1980, jinsi vikongwe walivyouawa kwa kudhaniwa wachawi, wengi wao wakiwa wanawake. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inakataza mtu kumsingizia mwenzake uchawi. Lakini sheria inakaa mjini, na mnong'ono unalala mlango wa pili.

Huku nyumbani mambo yalizidi kubana. Mwenzetu hakuweza tena kwenda gulioni, na bila gulio hakuna hisa. Binti yake wa darasa la sita alianza kubakizwa nyumbani siku za mnada ili amwangalie bibi yake. Kaka zake mwenzetu wako Dar es Salaam na Arusha, walikuwa wanapiga simu na kusema, "Pole dada, tupo pamoja." Basi, pole inapokelewa, ila haiteki maji.

UGONJWA HUU NI NINI

Tulimpeleka Bibi hospitali tukiwa wanne. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo, kwa hiyo tulikwenda na barua ya mtendaji. Daktari alimpima kwanza malaria, presha, sukari na mkojo, akachunguza masikio na macho. Alitueleza kwamba maambukizi, upungufu wa damu, huzuni kubwa, au hata kutosikia vizuri huweza kumfanya mzee aonekane amechanganyikiwa, na hayo yana tiba. Yalipoondolewa hayo ndipo alipotuambia kwamba ubongo wenyewe unadhoofika. Wataalamu wanaita hali hiyo dimensia.

Si laana, wala si uchawi, wala si uzee mtupu. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Aina ya dimensia iliyo kubwa kuliko zote ikapewa jina lake. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na hali hii, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania watafiti walipima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa kila wazee 100, kama 6 walikuwa nayo. Ukihesabu wazee wa kijiji chako, ndugu msomaji, utaona kwamba Bibi wetu hakuwa peke yake.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu mpaka leo haijapatikana. Lakini huko huko Hai watafiti walijaribu kuwakutanisha wazee wenye hali hii katika vikao vya kuwachangamsha akili, kwa mazungumzo, michezo na kazi ndogo ndogo, na waliona wazee wakipata nafuu ya kufikiri. Hilo lilitupa moyo, maana sisi tulikuwa tumekwisha kuona jambo linalofanana nalo, kwenye tuta la mchicha.

BUSTANI INAVYOANZA

Mwaka 2018 mwenzetu aliomba mkopo wa shilingi 80,000. Kamati ilimwuliza, wa biashara gani, mama, nawe hutoki nyumbani? Akajibu, "Ndo maana. Kama mimi siwezi kwenda sokoni, basi soko lije nyuma ya nyumba." Alinunua ndoo mbili, reki, mbegu za mchicha, sukuma wiki, bamia na nyanya, na mkokoteni mmoja wa samadi.

Tulikwenda siku moja kumsaidia kuchimba. Kwa kuwa maji ni ya shida, hatukuinua matuta kama wanavyofanya nchi za mvua nyingi. Tulichimba matuta ya kuzama: udongo unatolewa, unachanganywa na samadi, unarudishwa, uso wa tuta unabaki chini kidogo ya ardhi ili maji yasikimbie. Juu tukatandaza nyasi kavu kuzuia jua. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo yalikwenda bustanini, hakuna tone lililomwagwa njiani. Wadudu tulipambana nao kwa majivu na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, maana dawa za dukani hazifai kukaa nyumba yenye mtu anayeweza kuzinywa akidhani ni soda.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anatutazama. Punde akainuka, akamnyang'anya mmoja wetu jembe, akasema, "Hivyo sivyo." Akaanza kulima. Akafukia mbegu za kunde kwa kisigino, mashimo yamepishana sawasawa, kama aliyepima kwa kamba. Mtu ambaye hakujua siku wala mwezi, wala jina la mjukuu wake! Daktari baadaye alitueleza kwamba kumbukumbu za mikono hukaa muda mrefu kuliko kumbukumbu za maneno.

Tangu siku ile Bibi akawa na kazi. Asubuhi anamwagilia kwa kopo, saa za baridi anachuma, mchana anachambua kunde kivulini. Kila siku mambo ni yale yale na saa ni zile zile, maana mabadiliko yanamchanganya. Safari za mahame hazikwisha, ila zilipungua. Jua likishuka, binti yake anamwambia, "Mama, twende tukafunge ng'ombe," wanazunguka bustani pamoja, wanafunga kigeti, na mara nyingi Bibi anaridhika. Mchicha ulianza kuchumwa wiki ya nne, sukuma wiki mwezi wa pili. Majirani walikuja kununua mafungu ya shilingi 200, na waliokuja kununua walimkuta Bibi anapalilia kama bibi mwingine yeyote. Ile minong'ono ikakosa chakula.

Tusidanganyane. Kuna siku Bibi aling'oa tuta zima la miche ya nyanya akidhani ni magugu. Kuna siku alimpiga binti yake kwa mpini. Kuna usiku hakuna aliyelala nyumba ile. Bustani haikumponya. Ilichofanya ni kuiweka kazi ya mtunzaji na riziki yake mahali pamoja na mgonjwa, ili asilazimike kuchagua kimoja.

KATIBA INABADILIKA

Suala la Alhamisi lilikuwa bado. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilijadiliwa kikao kizima, na tunaandika hapa pande zote mbili kwa haki. Wapo waliosema kwamba sheria ni msumeno. Ukimsamehe mmoja kwa sababu ya mama, kesho mwingine atasamehewa kwa sababu ya mtoto, keshokutwa hatuna kikundi. Wapo waliosema kwamba mfuko wa jamii umewekwa kwa ajili ya misiba, je, mtu asaidiwe mama akifa tu, asisaidiwe mama akiwa hai? Swali hilo lilikaa katikati yetu kimya kwa muda. Hatimaye tulikubaliana mambo matatu, nayo yamo katika katiba hadi leo.

Kwanza, mwanachama anayemtunza mgonjwa wa kudumu nyumbani anaweza kutuma hisa zake kwa mwenzake, na anahesabiwa amehudhuria. Pili, tunakwenda zamu: kila wiki mwanachama mmoja anakaa na mgonjwa nusu siku ili mtunzaji aende gulioni, hospitali, au alale tu. Zamu hiyo inaandikwa kwenye daftari kama mahudhurio, kwa kalamu ile ile. Tatu, mkutano mmoja kwa mwezi unafanyika nyumbani kwake, na Bibi anasalimiwa na kila mtu kwa shikamoo yake, ajue au asijue sisi ni nani. Binti wa darasa la sita alirudi shule siku zote tano.

Hapo ndipo tulipoona tulilokuwa tukilitafuta bila kulijua. Kutunza mzazi ni kazi, na siku zote ilikuwa inafanywa na wanawake bila kuandikwa popote. Fedha iliandikwa, faini iliandikwa, hata viti vya plastiki viliandikwa. Tangu mwaka 2019 nayo ina mstari wake.

TULIYOJIFUNZA KWA VITENDO

Bibi alifariki mwaka 2022, kitandani kwake, watu wake wakiwa karibu. Hadi leo kaya nyingine nne za kikundi zimepita au zinapita njia hiyo hiyo. Kwa faida ya msomaji, tunaandika yaliyotusaidia:

1. Ua wa minyaa ni hatari. Utomvu wake unaunguza macho, na mgonjwa anaweza kuushika. Tuliweka ua wa fito na kigeti kinachofungwa kwa nje.

2. Panda vitu vinavyolika tu. Mgonjwa huchuma na kutia mdomoni. Mnanaha ung'olewe wote.

3. Kwa mzee asiyeweza kuinama, jaza gunia udongo na samadi, weka mawe katikati ili maji yapite, toboa matundu ubavuni upande mboga. Atachuma akiwa amesimama au amekaa.

4. Jembe na panga vifungiwe. Mpe kopo, kijiti, kapu.

5. Usibishane naye. Akisema ng'ombe hawajafungwa, usimwambie ng'ombe walikufa zamani; atalia upya kama msiba wa leo.

6. Mpe maji ya kunywa mara kwa mara na mwondoe juani ifikapo saa tano.

7. Anayetunza naye ni mtu. Akinyamaza sana, mwulize.

MWAKA WA KUMI NA MOJA

Tunaingia mwaka wa kumi na moja tukiwa na kazi mbele. Kikundi kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kwa hiyo tunaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake. Pendekezo lililo mbele ya mkutano mkuu ni kuchimba kisima kimoja cha pampu ya mkono karibu na kaya tatu zenye wagonjwa, ili mtunzaji asiache mlango kwa saa mbili akifuata ndoo. Wapo wanaotaka fedha hiyo iende kwenye mashine ya kukamua alizeti. Mjadala ni mkali, na kila mwanachama ana kura moja. Sisi tulioandika ukurasa huu tumekwisha sema upande wetu.

Jambo la mwisho. Mbegu za kunde alizopanda Bibi kwa kisigino chake tumezitunza, na zimeota kila masika tangu mwaka ule. Ziko kwa mweka hazina, kwenye kibuyu chenye majivu. Mwanachama au jirani anayetaka aje na chombo chake. Atapewa kibaba kimoja, na baada ya mavuno atarudisha viwili. Tafadhali njooni kabla ya mvua za Novemba.